Hospitali, Hosteli na Ndugu Yao Aliyebaki Nje

Kiswahili kiliichukua hospitali, kikaichukua hoteli, kikamalizia na hosteli. Hoteli tumeilea mpaka imekubali kuwa kibanda cha chai na maandazi chenye mabenchi mawili. Hosteli anaijua kila aliyepita chuo: kitanda cha juu, kitanda cha chini, na mwenzako anayeongea na simu saa nane za usiku. Maneno yote matatu yanatoka katika ukoo mmoja wa Kilatini, ukoo wa kupokea wageni. Katika ukoo huohuo yumo ndugu wa nne, kivumishi “hostile”. Waingereza hulitumia kwa mtu, jeshi, nchi au hata jangwa lisilokutakia heri. Huyo hatukumfungulia mlango. Hakuna anayesema mtu fulani ni “hostaili”, hata vijana wa mjini wanaochanganya lugha mbili katika kila sentensi.

Kazi yangu ni kutafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, na mara nyingi ni ripoti kuliko riwaya. Neno hili linanifikia karibu kila mwezi. Linaonekana jepesi, kwani kamusi zinatoa “-a adui”, “-a uhasama”, “-enye chuki”, na mtu anaweza kuchagua moja akaendelea na kazi. Nina ugomvi na neno lenyewe, na nina ugomvi mkubwa zaidi na namna tulivyoanza kulitafsiri miaka hii. Ili ugomvi huo ueleweke itabidi twende Roma kidogo, kisha turudi Saadani, kijiji cha pwani kaskazini ya Bagamoyo na mdomo wa mto Wami, ambako neno hili limefanya kazi yake kwa zaidi ya miaka 130.

“Hostile” liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Shina lake ni “hostis” la Kilatini, yaani adui, na hasa adui wa vita, yule ambaye dola yako inapigana na dola yake. Jirani anayekuchukia kwa mambo yenu ya uani alikuwa na neno lake, “inimicus”, ambalo ukilivunja vipande linakuwa “asiye rafiki”. Maneno hayo mawili yalikuwa tofauti, na tutayahitaji tena mbele.

Sasa, Warumi wenyewe walijua kwamba “hostis” halikuanza na maana ya adui. Varro na Cicero, walioandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, wote wawili wanaeleza kwamba kwa mababu zao neno hilo lilimaanisha mgeni tu, mtu wa kwingine. Cicero aliona humo upole wa wazee: walimpa adui jina la mgeni ili ukali wa jambo upungue. Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu msamiati wa taasisi za watu wa Ulaya na Asia ya kale, alichimba zaidi. Kwa maelezo yake, “hostis” wa kwanza ni mgeni ambaye mna deni naye: leo unampokea, kesho anakupokea, na zawadi inarudishwa kwa zawadi. Dola zilipokua na mipaka ikakazwa, makubaliano ya mtu na mtu yalipoteza nguvu. Aliyekuwa mgeni mwenye haki akawa mtu wa nje, na mtu wa nje akawa adui. Upande wa pili wa ukoo ukabaki na ukarimu, ndipo tukapata hospitali na hoteli. Hata “guest” la Kiingereza, yaani mgeni, ni shina hilohilo lililopita njia ya Kijerumani.

Kwa hiyo “hostile” ni neno la mgeni lililoharibika njiani. Nalisema hivyo kwa sababu Kiswahili kilikutana na mtihani uleule kikaujibu kwa namna nyingine.

Mgeni wetu hakugawanywa. Neno moja linambeba shangazi aliyekuja na kuku wawili, Mzungu aliyeshuka kwenye gari la watalii, na mtu usiyemjua aliyesimama njiani jioni. Jambo tusilolizoea ni geni. Lugha ya watu wa nje ni ya kigeni. Timu yetu ikisafiri inacheza ugenini, na huko ikipigwa mabao matatu tunasema ugenini ni ugenini, maana hata mchezaji mzuri akiwa kwa watu anapungukiwa. Mgeni si mwema wala mbaya. Ugeni ni hali, na hali hiyo ina muda. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitaja kama utani wa kumkimbiza mgeni. Mimi naisikia kama sheria ya uraia: ukikaa hadi siku ya tatu unapewa kazi ya wenyeji, na anayelima pamoja nasi ameshaanza kuwa wetu.

Mbele ya mgeni yupo mwenyeji, neno linalofafanuliwa kuwa mkato wa “mwenye mji”. Kati yao kuna mlango, na mlango una maneno mawili. Anayekuja anasema hodi. Aliye ndani anasema karibu. Mpangilio huo haugeuzwi. Anayeingia bila hodi amekosa adabu hata kama ameleta zawadi, na mwenye nyumba akimfokea hakuna jirani atakayemwita mwenye nyumba mkali. Watauliza kwanza huyu aliingiaje.

Kiswahili si maskini wa maneno ya kutopendana, na karibu yote yanataja tendo. Amenuna. Amekunja uso. Anajisikia. Ana kisirani leo. Ana roho ya korosho. Mengi kati ya hayo yana saa yake: aliyenuna asubuhi anaweza kucheka adhuhuri. Jambo likizidi tunachukua kiambishi chetu kidogo, “-ana”, na hapo wanaingia watu wawili: wamenuniana, wamekosana, hawasalimiani, wanahasimiana. Huwezi kukosana peke yako, maana sarufi yenyewe inakataa. Mtu akikuambia fulani na fulani wamekosana, swali linalofuata linakuja lenyewe: wamekosana nini?

“Hostile” haliulizi hivyo. Ni sifa inayobandikwa kwa mtu mmoja kama rangi kwenye ukuta. Ukisema “hostile tribe”, kabila linabaki na uadui wake kama mbuzi alivyo na pembe. Amezaliwa nazo, na hakuna haja ya kumuuliza alizipata wapi. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19, wengi wao wakiwa wameanzia safari zao kwenye pwani yetu, viliwapanga watu hivyo: huku wako “friendly”, kule wako “hostile”, kama ramani ya baharini inavyoonyesha penye kina na penye mwamba. Ilikuwa taarifa ya njia kwa ajili ya msafara ujao. Msomaji wa London hakuhitaji kujua msafara uliopita ulichukua chakula cha nani.

Saadani inafaa kulipima neno hili kwa sababu ilikuwa bandari ya kupokea watu. Misafara ya Wanyamwezi ilishusha pembe za ndovu hapo, ikishindana na ile ya Bagamoyo, na Unguja iko ng’ambo tu. Wamisionari wa Kiingereza wa CMS waliifanya lango lao la kwenda Mpwapwa na Buganda. Mwaka 1877 mmoja wao, Alexander Mackay, alisimamia uchongaji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takribani maili 230. Barabara ya urefu huo haichongwi kuanzia kwenye mji unaokuchukia. Mtawala wa Saadani, Bwana Heri bin Juma, mwenye mizizi mirefu kwa Wazigua wa bara yake, aliishi na wageni hao na kufaidika nao, huku akiendesha mambo yake bila kusubiri kila amri ya Sultani wa Unguja.

Sitaki kuipaka mafuta. Ukarimu wa Saadani ulikuwa pia biashara, na katika biashara ile ya pwani watu waliuzwa pamoja na pembe. Mwenyeji wa karne ya 19 hakuwa malaika aliyekaa mlangoni na sinia la tende. Ninachosema ni kwamba palikuwa na utaratibu wa kupokeana, kila upande ukiujua.

Kisha ukaja mwaka 1888. Aprili mwaka huo Sultani Khalifa alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki uendeshaji wa pwani pamoja na ushuru wake. Agosti maofisa wa kampuni walifika kuchukua madaraka, na bendera yao ikapandishwa. Masimulizi ya Pangani yanasema waliingia hadi msikitini, na viatu vyao, na mbwa. Pwani ikalipuka. Pangani akaongoza Abushiri bin Salim, Saadani akasimama Bwana Heri. Januari 1889 mmisionari Mwingereza, Arthur Brooks, aliuawa karibu na Saadani pamoja na baadhi ya watu wake. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, wengi wao Wasudani walioajiriwa Misri na watu kutoka Msumbiji. Juni 1889 Saadani ilipigwa mizinga kutoka baharini ikatekwa. Bwana Heri akarudi nyuma, akajenga ngome za miti huko Mlembule, akapigana huko hadi Januari 1890. Aprili mwaka huo alisalimu amri. Abushiri alikuwa ameshanyongwa Pangani Desemba 1889.

Soma habari hizo tena ukiwa na “hostile” mkononi, uone linakaa wapi. Brooks aliuawa, na waliomuua walikuwa na uadui. Hilo halina ubishi, na kifo cha mtu aliyekuwa safarini si cha kupitiwa haraka. Tatizo ni kwamba neno lile ni pana mno na halina tarehe. Linaitwaa siku moja ya Januari na kuifanya tabia ya pwani nzima. Saadani iliyopokea misafara na wamisionari kwa miaka inageuka kuwa Saadani “hostile”, na Agosti 1888, mwezi ambao mtu mwingine aliingia bila hodi, unatoka katika sentensi. Kivumishi hakina nafasi ya kuuweka.

Angalia pia majina yaliyopewa vita hivyo. Wajerumani waliviita “Araberaufstand”, Uasi wa Waarabu. Ndani ya neno hilo moja mna madai mawili: kwamba palikuwa na mamlaka halali ya kuasiwa, na kwamba walioasi ni Waarabu, watu wa kuja. Wazigua wa Bwana Heri wakatoweka, na mgeni akamwita mwenyeji mgeni. Upande wetu, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi unaojulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Soma kichwa hicho peke yake. Kinamtaja mtendaji, Wadachi. Kinataja tendo, kutamalaki, yaani kufanya kitu kuwa milki yako. Kinataja kilichochukuliwa, Mrima. Hakuna kivumishi hata kimoja, na msomaji anajua nani alikwenda kwa nani. Kama kazi ya uhakiki ni kupima maneno, hapo ndipo napata kipimo changu.

Sasa nije kwenye ugomvi wa pili, wa siku zetu. Mwaka 2012 Theresa May, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alisema wazi kwamba lengo ni kujenga “hostile environment” kwa wahamiaji wasio na vibali. Sheria zilizofuata, za 2014 na 2016, ziliwafanya wenye nyumba na benki wawe wakaguzi wa karatasi, na hospitali nazo zikatakiwa kuuliza mgonjwa ana haki gani ya kutibiwa. Yaani hospitali, nyumba ya mgeni kwa asili yake, ilipewa kazi ya yule ndugu yake aliyebaki nje. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba watu waliofika kutoka Karibi wakiwa watoto, wenye haki kamili ya kukaa, walinyimwa matibabu, kazi, na wengine wakafukuzwa nchini. Serikali ikabadili jina la sera. Lakini lazima niseme hili: kwa mara moja, neno lilikuwa limetumika kwa ukweli. Aliyelitamka alikuwa mwenyeji, na alisema uadui huo anaujenga yeye.

Kwetu tunafanya nini na maneno hayo? Tunasema “mazingira yasiyo rafiki”. Umeyasikia: mazingira yasiyo rafiki kwa uwekezaji, miundombinu isiyo rafiki kwa wenye ulemavu, sheria zisizo rafiki kwa vijana. Yamejaa kwenye taarifa za habari, na mimi mwenyewe nimelipwa kuyaandika. Yanatoka kwenye jozi ileile ya wasafiri, “friendly” na “hostile”. Na mlioshika somo la Kilatini hapo juu mtagundua kwamba tumekosea hata neno la kutafsiri: “isiyo rafiki” ni “inimicus”, ugomvi wa uani. Vita ya dola na dola, aliyeingia na aliyeingiliwa, vimefichwa ndani ya urafiki uliokosekana. Halafu rafiki kwetu ni mtu. Jengo lisilo na njia ya kiti cha magurudumu halijakosa urafiki. Kuna mtu alilichora, mwingine akaidhinisha, na wote wawili wana majina.

Rudi Saadani. Leo ni hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2005 baada ya kuwa pori la akiba kwa miongo kadhaa. Mgeni kwenye vibao na matangazo sasa ni mtalii, aliyekuja kuona mahali ambapo pori linakutana na bahari, tembo na ufukwe katika picha moja. Pembeni na ndani yake wako watu wa tangu zamani. Kitongoji cha Uvinje kimekuwa na mvutano wa miaka mingi kuhusu mpaka: wakazi wakisema wao walikuwapo kabla ya pori, mamlaka zikisema eneo lao limo ndani ya hifadhi. Sitaamua kesi hiyo hapa. Naitaja kwa sababu mivutano ya aina hii, kokote nchini, ndiyo inayoletwa mezani kwangu ikiwa imeshavaa kivumishi.

Ripoti moja ya mwaka jana, ya mradi wa mkoa mwingine kabisa, ilikuwa na sentensi fupi: vijiji vinavyoizunguka hifadhi ni “hostile” kwa uhifadhi. Kurasa chache mbele, kwenye jedwali, palikuwa na mashamba yaliyoliwa na tembo, na madai ya fidia yaliyokuwa hayajajibiwa. Serikali yetu ina majina mazuri ya malipo hayo: kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Hata mrasimu wetu, alipoachiwa Kiswahili chake, alitaja jasho na machozi, vitu vinavyotoka kwa mtu fulani kwa sababu fulani. Mhariri wa ripoti alipendekeza “jamii zisizo rafiki kwa uhifadhi”.

Nilimwandikia kwamba jedwali lao wenyewe linaeleza vizuri zaidi, nikampa sentensi hii: “Wakazi wa vijiji hivi wamekosana na hifadhi kuhusu mpaka, na kuhusu mazao yaliyoliwa na tembo ambayo hawajalipwa kifuta jasho.” Ina “wamekosana”, kwa hiyo ina pande mbili. Ina sababu, na sababu zina dawa. Mtu akisoma kwamba jamii si rafiki, atapanga semina ya kuifundisha urafiki. Akisoma kwamba haijalipwa, atauliza hela iko wapi.

Sifikirii kwamba Kiswahili kina watu wema kuliko Kiingereza. Tunajua kuchukia, na tuna “adui” na “hasimu” tuliyoyatoa Uarabuni tukayatumia barabara. Ninachodai kwa wanaoandika, na wengi wanaosoma hapa wanaandika, ni kidogo. Ukikutana na “hostile”, kabla ya kufungua kamusi, uliza nani alikuja kwa nani, na kama alipiga hodi. Jibu likipatikana, liandike lote, na mara nyingi utakuta kivumishi hakihitajiki tena.

Mhariri alijibu siku ya pili. Sentensi yangu ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu, na pembeni ameandika neno moja: ndefu. Nilimjibu kwamba ni kweli, na nikaiacha kama ilivyo.